"Veracidad" si neno la maabara: kusoma kamusi ya vipimo kwa Kihispania

Kuna kamusi moja ambayo kila anayepima kitu kwa ajili ya sayansi angepaswa kuifungua angalau mara moja. Jina lake ni Msamiati wa Kimataifa wa Metrolojia, ila watu wa fani wanaiita VIM tu. Metrolojia, kwa wale ambao hawajakutana na neno hili, ni sayansi ya upimaji, na haihusiani na wale wa utabiri wa hali ya hewa. Toleo la tatu la VIM lilitoka mwaka 2008, likafanyiwa masahihisho madogo mwaka 2012. Lugha zake rasmi ni mbili, Kiingereza na Kifaransa. Leo nazungumzia tafsiri yake ya Kihispania, iliyoandaliwa na Kituo cha Metrolojia cha Hispania, CEM, kilichopo Tres Cantos karibu na Madrid. Inapatikana bure mtandaoni, na sifa yake nitaitaja mapema: ni kazi ya watu makini.

Utauliza, Mswahili na kamusi ya Kihispania wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Utafiti wangu wa uzamili unahusu vipimo vya maji, na sehemu nzuri ya maandiko kuhusu aseniki kwenye maji ya ardhini imetoka Argentina na Chile, ambako tatizo hilo lipo na limechunguzwa muda mrefu. Ukisoma makala hizo unagundua kitu: neno moja la Kiingereza, "accuracy", linageuzwa kwa njia tatu nne tofauti, wakati mwingine ndani ya makala moja. Mwandishi mmoja anasema "exactitud", mwingine "precisión", wa tatu "veracidad", wa nne "fiabilidad". Sasa hapo msomaji anajuaje nini kimepimwa vizuri na nini hakijapimwa vizuri?

Kamusi kama VIM ipo ili kumaliza vurugu hiyo. Hoja yangu ni kwamba toleo la Kihispania limemaliza nusu ya vurugu kwa ustadi mkubwa, halafu likaingiza vurugu mpya kwa neno moja lililochaguliwa vibaya.

Kwanza tuelewane: mambo ni matatu

Kabla ya kumhukumu mfasiri lazima tujue alikuwa anatafsiri nini. Hebu tuchukue mfano wa kutunga. Tuna maji ya kisima ambayo kwa kweli yana mikrogramu 12 za aseniki kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema maji ya kunywa yasizidi 10. Kwa hiyo kisima hiki hakifai. Tunapeleka sampuli kwenye maabara mbili, kila moja inapima mara tano.

Maabara A inatoa: 8.9, 9.0, 9.1, 8.9, 9.1. Wastani ni 9.0.

Maabara B inatoa: 9.6, 14.1, 11.2, 13.4, 11.7. Wastani ni 12.0.

Ukimwonesha mtu wa kawaida namba hizi, ataipenda Maabara A. Namba zake zimekaa pamoja kama vifaranga chini ya kuku. Shida ni kwamba zote zimekaa mahali pasipo pake. Kwa Maabara A kisima kitapita, na wanakijiji watakunywa. Maabara B inayumba, kipimo kimoja kinaweza kukudanganya (ona ile 9.6), lakini ukichukua wastani unafika palepale unapotakiwa.

Hapo tumeona sifa mbili. Ya kwanza ni vipimo kukaribiana vyenyewe kwa vyenyewe vikirudiwa. Hiyo Kiingereza cha VIM kinaiita "precision", na Maabara A inayo. Ya pili ni wastani wa vipimo vingi, kinadharia visivyo na mwisho, kukaribia thamani ya rejea. Hiyo ndiyo "trueness", na Maabara B inayo. Ya tatu ndiyo mama yao: kipimo kilichotoka kukaribia thamani ya kweli ya kile kinachopimwa. Hiyo ndiyo "accuracy", na ili uwe nayo kwa uhakika unahitaji zile mbili za kwanza zote. Kwa lugha ya makosa, "precision" mbovu inatokana na makosa ya bahati nasibu, yale yanayorusha namba huku na kule, na "trueness" mbovu inatokana na kosa la kimfumo, lile linalosukuma namba zote upande uleule.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu tiba zake ni tofauti. Ukiwa na tatizo la Maabara B, rudia kipimo, chukua wastani, hali inapata nafuu. Ukiwa na tatizo la Maabara A, rudia hata mara elfu, utapata uongo uleule kwa uhodari zaidi. Mtu anayeita sifa zote mbili kwa jina moja hawezi kujua atumie dawa gani.

Kihispania kilivyojibu

VIM ya Kihispania inatoa majibu yafuatayo. "Accuracy" ni "exactitud". "Precision" ni "precisión". "Trueness" ni "veracidad". Maneno matatu kwa mambo matatu, hakuna linalogongana na jingine ndani ya kurasa za kamusi.

Nianze na pongezi. Kuweka uzio kati ya "exactitud" na "precisión" si jambo dogo kwa Kihispania. Katika Kihispania cha kila siku maneno haya mawili ni mapacha. Mtu akisema saa yake ni ya "precisión" anamaanisha inasema saa kamili. Mzani mzuri wa maabara unaitwa "balanza de precisión", na hakuna anayedhani kwamba mzani huo unarudia kosa lilelile kila siku. Wanadhani unasema kweli. Kwa hiyo wafasiri walichukua maneno mawili ambayo mtaani yanabadilishana nguo, wakayapa kila moja kazi yake, na kamusi ikaonya wazi kwamba moja lisitumike badala ya jingine. Onyo hilo lipo katika matoleo rasmi pia, lakini kwa msomaji wa Kihispania lina kazi nzito zaidi.

Kuna maelezo mengine chini ya "exactitud" ambayo ningependa kila mwenye duka la vifaa vya maabara ayasome: kwamba "exactitud" haielezwi kwa namba. Unaweza kusema kipimo hiki kina "exactitud" zaidi ya kile, lakini huwezi kusema kina "exactitud" ya asilimia 0.5. Ukifungua vijitabu vya vifaa utakuta asilimia zimepangwa chini ya neno hilo mstari kwa mstari. Kinachoelezwa kwa namba ni "incertidumbre", yaani kiasi cha shaka kinachobaki baada ya kupima. Hapa Kihispania kina bahati ya neno zuri. Kile kiambishi "-dumbre" ndicho kilichomo kwenye "muchedumbre", umati wa watu. Neno lina uzito, linasomeka kama kitu kilichopo mezani pamoja na kipimo chenyewe, na hivyo ndivyo metrolojia inavyotaka shaka ichukuliwe: shaka inapimwa na kuandikwa, haionewi haya.

Tatizo la "veracidad"

Sasa tufike kwenye neno lililonifanya niandike.

Kihispania kina "verdad", ukweli. Kina "verdadero", cha kweli, ambacho VIM inakitumia vizuri katika "valor verdadero", thamani ya kweli. Na kina "veraz", ambalo ni sifa ya mtu anayesema kweli. "Veracidad" inatokana na hilo la tatu. Shahidi mahakamani ana "veracidad" au hana. Gazeti lina "veracidad" au halina. Ni neno la maadili, la kinywa na dhamiri. Ukisema mbinu ya kupima aseniki haina "veracidad", Mhispania asiye na kamusi mkononi atasikia kwamba kuna mtu kadanganya. Wakati kilichotokea labda ni kwamba sehemu ya aseniki ilipotea wakati wa kuandaa sampuli, na kila mtu maabara alikuwa mwaminifu kama malaika.

Unaweza kunijibu kwamba neno la kitaalamu halifuati maana ya mtaani, na hata "precisión" nimelisifu hapo juu kwa kupewa maana mpya. Sawa. Lakini kuna tofauti. "Precisión" ilipunguzwa maana, ikabaki ndani ya uwanja uleule wa kupima. "Veracidad" imehamishwa kutoka uwanja wa mtu anayesema kwenda uwanja wa wastani wa namba. Neno likihamishwa hivyo linakwenda na mizigo yake.

Hoja yangu ya pili ni nzito zaidi, na inatoka ndani ya kamusi yenyewe. Rudi kwenye maana tatu nilizoeleza. Ni ipi inayotaja thamani ya kweli? Ni "exactitud". Na ile inayoitwa "veracidad" inataja nini? Thamani ya rejea. Yaani namba tuliyokubaliana kulinganisha nayo, mathalani ile iliyoandikwa kwenye cheti cha sampuli ya rejea uliyoinunua. Kwa hiyo neno lenye ukweli ndani ya mzizi wake limepewa dhana isiyotaja ukweli, na dhana inayotaja ukweli imepewa neno lisilo nao. Mwanafunzi anayejaribu kukumbuka kwa kufuata mzizi wa neno ataweka kila kitu kinyume, na hatakuwa mzembe; atakuwa ameamini lugha yake.

Je, Kiingereza hakina kosa hilohilo? "Trueness" nayo ina "true" ndani yake. Ndiyo, lakini hapo kuna siri ndogo. "True" ya Kiingereza ina maana mbili. Moja ni ukweli. Nyingine ni ya mafundi: ukuta ulionyooka, gurudumu lisilopinda, ubao uliokaa sawasawa na mraba. Fundi wetu hapa hupiga timazi na kusema ukuta umenyooka; fundi wa Kiingereza kwa jambo hilohilo anaweza kutumia "true". Maana ya timazi ndiyo inayofaa kwa dhana yetu, maana timazi ni rejea: huulizi ukuta unasema kweli au uongo, unauliza umelala upande gani ukilinganisha na uzi. Mfasiri wa Kihispania alipovuka mto alibeba maana ya ukweli, akaiacha ya timazi ng'ambo.

Kifaransa, ambacho ni rasmi sawa na Kiingereza katika VIM, hakikufanya hivyo. Kinasema "justesse", neno la kitu kilichokaa sawasawa, hata sauti ya mwimbaji asiyetoka nje ya noti. Kijerumani kinasema "Richtigkeit", yaani usahihi kwa maana ya kuwa sawa, na hakuna anayetuhumiwa kwa uongo. Kihispania kina ndugu wa damu wa lile neno la Kifaransa: "justeza". Si neno la kubuni. Lipo katika lugha, linaeleweka, na lina ile maana ya kitu kinachokaa penyewe, kama kiatu kinachokuja "justo" mguuni. Baadhi ya maabara za Amerika ya Kusini zinalitumia kwa dhana hiihii. Kwa hiyo mfasiri alikuwa na matoleo mawili rasmi mbele yake, moja likimwelekeza kwenye neno zuri lililokuwa tayari nyumbani kwake, naye akafuata jingine.

Kwa haki, niseme kinachoweza kutetea uamuzi ule. "Justeza" inakaribia sana "justicia", na huenda nayo ingeleta harufu ya mahakama. Vilevile "veracidad" inaungana kwa sauti na "valor verdadero", na wafasiri wa kamusi hupenda familia za maneno. Na mwisho, kiwango cha kimataifa cha ISO 5725 cha mwaka 1994, kinachogawa "accuracy" katika "trueness" na "precision", kilishakuwa mikononi mwa maabara, na katika Kihispania "veracidad" ilikwishazoeleka huko. Kamusi inayokuja baadaye ikibadilisha neno inaleta usumbufu. Utetezi huo wa mwisho ndio wenye nguvu kuliko yote. Lakini tangu hapo dunia imeongeza tatizo: wataalamu wa data kubwa wameanza kuhesabu "veracidad" kati ya sifa za data, kwa maana ya data inayoaminika, isiyo na takataka. Siku hizi maabara ya maji inayohifadhi data zake kwenye mfumo wa kompyuta inaweza kuwa na "veracidad" mbili kwenye ripoti moja, na hazifanani hata kidogo.

Medición au medida?

Kasoro ya pili ni ndogo kwa sura, lakini inaudhi zaidi kazini. Ni lile neno la msingi kabisa, "measurement".

Kihispania kinaweza kutofautisha kitendo na matokeo. "Medición" ni kitendo cha kupima. "Medida" ni kile kilichotoka, na pia kizio, na pia ukubwa wa shati, na pia hatua inayochukuliwa na serikali. Kichwa cha habari kikisema waziri "toma medidas", si fundi cherehani huyo; anachukua hatua. Neno lenye kazi nyingi namna hiyo ungelipumzisha katika lugha ya kitaalamu. VIM ya Kihispania, hata hivyo, inayaweka mawili haya pamoja kama majina ya dhana moja, halafu inapounda istilahi ndefu inachagua "medida": "incertidumbre de medida", "exactitud de medida", "precisión de medida".

Sasa chukua waraka mwingine ambao kila maabara inayotaka ithibati lazima iusome: ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017. Tafsiri yake ya Kihispania inasema "incertidumbre de medición". Kwa hiyo msimamizi wa ubora wa maabara ya Lima au Bogotá ana nyaraka mbili rafu moja, zote zenye mamlaka, zote kwa lugha yake, na zinatofautiana juu ya jina la kitu anachotakiwa kukihesabu kila siku. Hakuna atakayekufa kwa hilo. Lakini mtu anayeingia fani atatumia siku nzima kuuliza kama hizi ni shaka mbili au moja, na siku hiyo haikuwa na sababu ya kupotea.

Maoni yangu: "medición" ilistahili ushindi. Shaka inahusu mchakato mzima, kuanzia chupa ya sampuli, kifaa, joto la chumba, hadi mkono wa mpimaji. Hicho ni kitendo, na Kihispania kina neno la kitendo.

Pale Kihispania kinapokishinda Kiingereza

Nisiache picha mbaya. Kuna mahali ambapo tafsiri hii ni bora kuliko lugha ilikotoka. Kiingereza kina neno "standard" linalobeba mizigo miwili: waraka wa masharti, kama zile ISO nilizotaja, na kifaa au kitu cha kulinganishia, kama jiwe la mzani la kilo moja linalotunzwa ili mengine yapimwe kwalo. VIM ya Kiingereza yenyewe inalazimika kutoa maelezo juu ya jambo hili. Kihispania hakina shida: waraka ni "norma", kitu cha kulinganishia ni "patrón". Ndiyo, "patrón" pia ni bosi, mtakatifu mlinzi wa kijiji na karatasi ya kukatia nguo, lakini maana zote hizo zina wazo moja la kitu kinachofuatwa na wengine. Hilo ni neno lililobeba mizigo inayomsaidia msomaji.

Nje ya kamusi

Kuna uwanja ambao VIM haikuulenga na ambako maneno haya yanazua balaa: ujifunzaji wa mashine. Huko "accuracy" na "precision" ni namba mbili tofauti kabisa, na si zile za metrolojia. Chukua watu 1,000, kati yao 10 ni wagonjwa. Programu inawanyooshea kidole watu 20, na kati ya hao 8 ni wagonjwa kweli. Imewakosa wagonjwa 2, imewatisha wazima 12, na imewaacha kwa amani wazima 978. "Accuracy" yake ni majibu yote sahihi kugawanya kwa wote: 986 kwa 1,000, asilimia 98.6. "Precision" yake ni wagonjwa wa kweli kati ya walionyooshewa kidole: 8 kwa 20, asilimia 40.

Sasa mwandishi wa habari anayeandika Kihispania anapokea taarifa ya Kiingereza, anaona "accuracy" ya asilimia 98.6, na kwa mazoea ya mtaani anaandika "una precisión del 98,6 %". Msomaji anayejua fani ataelewa kwamba mtu akiambiwa ni mgonjwa basi karibu hakika ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya walioambiwa hivyo ni wazima. Neno moja tu limehama, na maana ya kipimo kizima imepinduka. Hapa dawa si kamusi kubwa zaidi. Dawa ni kuandika kanuni yenyewe kwa maneno: "kati ya walioambiwa ni wagonjwa, asilimia 40 ndio wagonjwa". Sentensi hiyo haihitaji istilahi na haidanganyi kwa lugha yoyote.

Na sisi je?

Huwezi kusoma haya kwa Kiswahili bila kujiangalia. Sisi tuna "usahihi", na tunautumia kwa yote matatu. Kipimo kina usahihi, kifaa kina usahihi, jibu la mtihani ni sahihi, na hati ina sahihi chini yake. Tuna pia "kipimo", ambacho ni kifaa, ni kizio, ni matokeo, ni vipimo vya hospitali, ni dozi ya dawa. Yaani "kipimo" ni "medida" yetu, pamoja na ubaya wake wote. Lakini tuna "upimaji", neno safi la kitendo, linalofanana na "medición", na hatulitumii vya kutosha. Na kwa upande wa "standard" tuko vizuri kama Wahispania. Tanzania ina Shirika la Viwango, na ina Wakala wa Vipimo. Majina mawili kwa kazi mbili, bila mtu kukaa kikao cha istilahi.

Kwa ile dhana ngumu, nina pendekezo la kujadiliwa. "Accuracy" ibaki "usahihi". Kwa vipimo kukaribiana vikirudiwa, "ulinganifu" unaeleza jambo lenyewe: vipimo vya Maabara A vinalingana, basi. Na kwa "trueness" tuna neno ambalo Kihispania kililikosa: "unyoofu". Ukuta mnyoofu ni ule uliokubaliana na timazi. Najua utasema mtu mnyoofu ni mwaminifu, kwa hiyo tumerudi kwenye "veracidad". Hapana. Katika "unyoofu" maana ya kwanza ni ya mstari, na ya uadilifu imefuata baadaye kama sitiari. Katika "veracidad" hakuna mstari wowote, kuna kinywa tu. Anayesikia kwamba mbinu imekosa unyoofu ataelewa kwamba imelala upande, na swali linalofuata atauliza lenyewe: imelala upande gani, na kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo mtu wa Maabara A alipaswa kuulizwa kabla kisima hakijafunguliwa.

Hukumu yangu, basi. VIM ya Kihispania isomwe, tena na yeyote anayetafsiri sayansi kwenda lugha yoyote, kwa sababu inaonesha kazi inavyofanywa: dhana kwanza, neno baadaye, na kila dhana jina lake. "Exactitud", "precisión", "patrón" na "incertidumbre" ni maneno yaliyosimama. "Medida" ingempisha "medición". Na "veracidad" irudishwe kwa mashahidi na magazeti, ambako ina kazi ya kutosha. Ukikutana nayo kwenye makala ya maabara, usimtilie shaka mpimaji. Tafuta thamani ya rejea iliyotumika, angalia wastani umeachana nayo kwa kiasi gani, kisha amua mwenyewe kama maji hayo ungeyanywa.